Mjini Shule, Lakini Shule Ipi?

Kama umelala salama na konda hajakuchania shati, kaa mkao wa kula. Leo mada ni nzito kidogo, ila nitaipoza.

Tuanze na yale mabasi ya njano. Unayajua. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, jogoo wa uswazi hata koo hajasafisha, lenyewe limeshapiga honi mbele ya geti la jirani. Katoto ka miaka mitano, jicho moja limefumba, soksi mpaka magotini, begi kubwa kuliko mgongo, kanapakiwa kama tenga la nyanya. Kanatoka Kimara kanakwenda Mbezi Beach, kakirudi giza limeingia. Muulize mama yake, atakujibu huku anarekebisha kitenge: "Anasoma Inglishi midiamu." Basi, kamaliza. Hata kama anadaiwa kodi ya miezi mitatu, heshima mtaani anayo.

Barabara ile ile, upande wa vumbi, wanapita wenzake. Shati lilikuwa jeupe, kaptula ya bluu, mkono huu dumu la maji, mkono ule ufagio. Wao wanakwenda kwa miguu Sent Kayumba. Huyo mtakatifu usimtafute kanisani, ni jina la utani la shule zetu za msingi za serikali, na aliyelitunga alikuwa na maneno ya shombo.

Kuna nchi watu wanaandamana na kupigana kwenye mabunge kudai haki ya mzazi kuchagua shule ya mwanawe. Sisi hapa Dar haki hiyo tunayo siku nyingi, tena hakuna anayekuzuia. Ila inauzwa. Mwenye mapene anachagua. Asiye nayo anachaguliwa na mahali alikopanga chumba: ukiwa mtaa huu shule yako ni hii, ukihamia mtaa ule ni ile, kwisha habari.

Wazee wanasema haikuwa hivi wakati wote. Kabla ya uhuru shule zilikwenda kwa rangi ya ngozi: za Wazungu, za Wahindi, halafu sisi wenyewe tukiburuza mkia. Tambaza unayoiona leo ilianza kama shule ya wavulana ya Aga Khan. Ikaja sheria ya elimu ya 1969, serikali ya Mwalimu ikazichukua nyingi za watu binafsi na za madhehebu, na kwa muda fulani, wanasimulia wazee, mtoto wa bosi na mtoto wa tarishi waligombania dawati moja. Kulikuwa na kasoro zake. Vitabu vilikuwa vya kushirikiana watu watano, na mwenye uwezo aliyetaka mwanawe asome msingi kwa Kiingereza alimpakia basi la Nairobi au Kampala. Za serikali zilizofundisha Kiingereza hapa mjini zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, kama Olympio na Diamond kule Upanga. Kisha sera ya elimu ya 1995 ikafungua mlango kwa shule binafsi, na mlango ule mpaka leo haujafungwa. Sasa kila kona kuna ukuta umechorwa Mickey Mouse.

Mimi mwenyewe, kwa taarifa yako, ni zao la shule ya kata. Hizi zilimiminika chini ya mpango wa MMES ulioanza 2004, kila kata ikaambiwa ijenge sekondari yake. Wajanja wakaziita yeboyebo, kama zile ndala za plastiki: bei poa, kila mtu anavaa, mvua ikinyesha unateleza. Niliingia kidato cha kwanza Januari 2013, shule siitaji. Februari hiyo hiyo yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Watahiniwa karibu 6 kati ya 10 nchi nzima walipata sifuri. Ukaja ugomvi, ikaundwa tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na bado sifuri zilikuwa kibao. Hebu fikiria wewe ndio kwanza una wiki tano shuleni, sketi na suruali bado zinanukia duka, unamwona kaka mkuu wa mwaka jana anapita nje ya uzio anauza vocha na hataki macho yenu yakutane.

Fizikia tulifundishwa miezi minne katika miaka minne. Mwalimu alikuwa mmoja, akapata kazi yenye posho, akasepa. Simlaumu, na mimi ningesepa.

Nilipofika kidato cha nne, Januari 2016, Rais Magufuli akaleta elimu bila malipo. Ada ya kutwa shilingi 20,000 ikafutwa, ya bweni 70,000 ikafutwa, michango ikapigwa marufuku. Mama yangu alicheza. Sitanii, alicheza kweli. Darasa la kwanza mwaka ule lilifurika nchi nzima kama mto Msimbazi wakati wa masika, na wale waliokuwa wamefichwa nyumbani kwa kukosa hela ya mchango walijitokeza. Huwezi kuniambia hilo lilikuwa jambo baya.

Lakini tupige hesabu kidogo, wala usikimbie. Mpango ulipoanza, ruzuku ya kuendesha shule ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa msingi, na 25,000 kwa wa sekondari. Mshahara wa mwalimu unatoka kwingine, naweka wazi nisije nikasemwa. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Gawanya 10,000 hizo: inakuja shilingi 51 na senti kwa siku. Hapo ndipo chaki, karatasi za mtihani, ukarabati, michezo na kadhalika vinapotakiwa kutoka. Shilingi 51, kaka, andazi lenyewe linakucheka.

Na hapo ndipo safari ya mabasi ya njano ilipokolea. Darasa linalotakiwa kuwa na watoto 45 likawa na mia na kitu. Mwenye kidogo akasema hapana, bora nife njaa. Akahama. Aliyefuata akahama. Leo ukiuliza mtaani kwenu nani ana mtoto Sent Kayumba, wataje utaona: mama ntilie, dereva wa bodaboda, fundi viatu, mlinzi. Diwani? Mtoto wake yuko kwenye basi la njano. Mwalimu wa hiyo hiyo Kayumba? Na wake yumo, amekaa siti ya dirishani.

Mimi sina vita na Inglishi midiamu. Mzazi anayejinyima ili mwanawe asome, nani wa kumtukana? Ninachokitazama ni kile kinachobaki nyuma yake. Akihama mwenye hela anaondoka na ada, sawa, ila anaondoka pia na mdomo. Yule anayejua kuandika barua kwa mkurugenzi, anayemjua mtu manispaa, anayeweza kusimama mkutanoni bila kutetemeka, kesho hayupo. Shule inabaki na wazazi ambao wakiitwa kikao wanauliza kwanza kama kuna mchango.

Kuna wachumi wanaosema dawa ni serikali kumpa kila mzazi hela ya mwanawe, aende nayo shule aitakayo, ya umma au ya binafsi, shule zishindane kama wauza mitumba wa Karume. Kwenye karatasi inapendeza. Nchi ya Chile kule Amerika Kusini waliijaribu kuanzia 1981, wakati wa utawala wa kijeshi wa Pinochet. Ruzuku ikawa inamfuata mtoto. Mwanzoni karibu wanafunzi 8 kati ya 10 walikuwa shule za manispaa, na miaka thelathini na ushei baadaye hawakufika 4. Sasa sikia mchezo: shule binafsi zikawa zinapokea ruzuku ya serikali, halafu nyingi zinamdai mzazi nyongeza, halafu zinafanya usaili kuchagua watoto. Kwa hiyo aliyechagua hakuwa mzazi, ilikuwa shule. Mwaka 2006 wanafunzi wa sekondari wakaingia mitaani Santiago na miji mingine kwa maelfu, wakaitwa pengwini kwa ajili ya sare zao nyeusi na nyeupe. Kelele hazikuisha mpaka ikatoka sheria ya 2015 ya kuondoa taratibu ile nyongeza, usaili na biashara ya faida katika shule zinazokula ruzuku.

Usaili huo na hapa kwetu tunao, hata bila ruzuku. Peleka mtoto mzito wa hesabu kwenye shule inayopenda kuwa ya kwanza uone kama atapokelewa. Miaka mingi matokeo yakitoka magazeti yalijaza picha za shule 10 bora, Feza, St. Francis ya Mbeya, Kemebos, na kundi lao, na kila shule ikachapa kalenda. Januari 2023, wakati wa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Baraza la Mitihani likaachana na kutangaza kumi bora. Wenye shule walinuna. Mimi niliona ni sawa, maana kupanga kwenye mstari mmoja shule iliyochuja watoto na shule iliyopokea kila aliyegonga hodi ni sawa na kumshindanisha mwenye pikipiki na mtembea kwa miguu, halafu mwenye pikipiki anapewa kikombe. Isipokuwa mzazi naye anahitaji kitu cha kumwongoza. Kumnyima orodha ile bila kumpa nyingine kumemwacha anachagua kwa rangi ya basi.

Sasa nije nyumbani, maana ndiko mada hii iliponikaba.

Dada yangu ana watoto wawili. Anauza vitenge Buguruni, shemeji ni fundi seremala, siku kuna kazi, siku kuna stori. Wanakaa pembezoni huko mabasi yanakogeuzia. Yule mdogo, mpwa wangu wa kike, Januari ijayo anaingia darasa la kwanza, na Jumapili iliyopita tuliitwa kikao cha familia. Ajenda moja: aende Kayumba aliko kaka yake, au aende Inglishi midiamu ya kona, ada laki tisa kwa mwaka, awamu nne, basi mbali. Mjomba, yaani mimi mwenye kalamu ya kubangaiza, niliombwa awamu moja.

Shule yenyewe ya kona nilikwenda kuichungulia. Nyumba ya vyumba sita iliyopakwa rangi. Watoto ishirini na tano darasani, hilo ni zuri, siwezi kuficha. Mwalimu kijana wa rika langu, Kiingereza chake na changu tungeweza kusaidiana. Ila mwalimu alikuwepo, watoto walikaa, daftari zimesahihishwa. Dada aliona zile tiki nyekundu tu, akalainika.

Kwa hiyo niliyajua tangu mlangoni anakoelekea. Nikamwuliza: "Dada, na vyoo je?"

Akanyamaza. Hapa inabidi nikueleze. Mwaka juzi mkutano wa wazazi pale Kayumba dada alisimama. Alikuwa ameshapita kuhesabu matundu ya choo mwenyewe, mlango kwa mlango, na daftari lake la mikopo ya vitenge. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Wao walikuwa na matundu manane, mawili yamefungwa kwa waya, na watoto zaidi ya elfu moja mia mbili. Akasoma hesabu mbele ya mtendaji wa kata. Mwenyekiti akamwambia mama kaa chini, muda umekwisha. Hakukaa. Akauliza kama mtendaji atakubali mwanawe asubiri zamu ya choo na wenzake mia mbili. Ukumbi ukalipuka. Miezi saba baadaye yakajengwa matundu kumi na mawili, na maji yakavutwa. Siku ya kuzindua dada hakualikwa, ila watoto walijua. Mpaka leo wanamwita Mama Choo, naye amelizoea.

Sasa huyu ndiye anataka kuhama. Atabaki na yule mkubwa pale, ndiyo, lakini ada ya mdogo itamla mpaka Jumamosi zake. Mama Choo ataingia kwenye kundi la kukimbizana na awamu, na pale shuleni mikutano itakuwa mifupi tena.

Na yule mkubwa ndiye ananitia tumbo joto zaidi. Alianza darasa la kwanza 2022. Mtaala mpya ulipoanza 2024 alikuwa la tatu. Chini ya sera mpya, toleo la 2023 lililozinduliwa Dodoma Februari 2025, elimu ya msingi ni miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima ni miaka kumi, yaani msingi sita na sekondari minne. Safi sana. Ila toa kidole uhesabu. Yeye na wenzake watamaliza la sita mwaka 2027. Waliowatangulia, ambao bado wako kwenye utaratibu wa zamani, watamaliza la saba mwaka huo huo 2027. Januari 2028 wote wanabisha hodi kidato cha kwanza. Madarasa mawili yanaingia mlango mmoja.

Serikali inalijua hilo na imelisema hadharani. Najua pia inaweza kujenga ikiamua: fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilisimamisha madarasa 15,000 nchi nzima ndani ya miezi. Lakini darasa ni tofali. Mwalimu wa fizikia haumbwi kwa simenti, naongea kwa uzoefu. Na kwenye jiji hili kuna kata ambazo uwanja wa kujengea umeshakuwa fremu za maduka.

Hapo mwenye hela atafanya nini 2028? Atachagua. Mabasi ya njano yatapanda bei. Na halmashauri zenyewe zimeshanusa soko, zinafungua shule zao za msingi za mchepuo wa Kiingereza zenye ada. Ardhi ya umma, jina la umma, ila mtoto wa jirani asiye na ada anaishia kuchungulia uzioni. Hili nalipinga wazi. Kama Kiingereza ni kizuri kwa wa Masaki, basi mpeni wa Kivule bure. Kama si kizuri, msiwauzie.

Mimi ningependa uchaguzi wa kweli uanzie kwenye zile za serikali. Kwenye ofisi ya serikali ya mtaa pabandikwe karatasi moja tu: shule hii ina watoto wangapi, walimu wangapi na wa masomo gani, matundu ya choo mangapi. Siyo nani kawa wa kwanza. Mzazi asome, halafu aruhusiwe kuomba shule yoyote ya serikali ndani ya manispaa yake yenye nafasi, siyo ile ya mtaa tu. Watu tayari wanafanya hivyo kwa mlango wa nyuma. Anayefanya kazi Kariakoo anamwandikisha mwanawe Ilala kwa anwani ya shangazi, wote tunajua. Wekeni utaratibu, na asiye na shangazi naye apate. Na hapo usisahau konda. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, ndiyo maana konda akiona sare anapiga bodi gari liondoke. Huwezi kumwambia mtoto achague shule ya mbali halafu umwachie konda ndiye aamue kama atafika.

Dada alinisikiliza yote haya, akasema, "Mdogo wangu, unaongea kama gazeti. Mtoto anaanza Januari, siyo siku hiyo karatasi itakapobandikwa." Shemeji akacheka mpaka akapaliwa na chai. Na kweli, hakuna mtu anayeweza kumwambia mama amtoe mwanawe sadaka kwa ajili ya darasa la wenzake mia moja na kumi. Sikumwambia hivyo.

Nilichomwambia ni kwamba awamu yangu naitoa kokote atakakompeleka. Ikiwa Inglishi midiamu, ni ada. Ikiwa Kayumba, ni vitabu, na twisheni ya Kiingereza jioni kwa yule mwalimu kijana wa kona, ambaye nilishamwuliza na bei yake si mbaya. Shemeji anataka kona. Mama yetu anataka Kayumba, anasema sisi sote tulipita huko na hatukufa. Dada bado anapima.

Ila kuna barua imeletwa na yule mkubwa, imekunjwa ndani ya daftari la Sayansi. Mkutano wa wazazi ni Jumamosi hii saa tatu asubuhi, ajenda ya pili ni maandalizi ya 2027, na kuna uchaguzi wa wajumbe wa kamati ya shule. Dada ameisoma mara mbili, akauliza Jumamosi ndiyo siku ya biashara, nani atamshikia meza.

Meza nitakaa mimi. Ukipita Buguruni ukaona kijana amezungukwa na vitenge, kalamu sikioni, hajui wala moja ya Kigoma na ya Kongo, ndiye huyo. Bei nimeachiwa kwenye karatasi na nimeambiwa nisipunguze.